Mpira Usiguse Mashuka ya Wanza

Jumapili, 26 Machi 1995

Mvua imeanza, na mhariri wa gazeti amekata barua yangu tena. Nilimpelekea kurasa tatu juu ya mitaro iliyoziba ya mtaa wetu wa Jericho. Amechapa aya moja, tena ameigeuza ikasomeka kama ombi la upole. Mimi sijawahi kufanya kitu kwa upole. Kuanzia leo ninaandika humu, ambako hakuna mkasi.

Nyumba yetu inatazama uwanja wa tenisi, ule wa saruji uliojengwa zamani kwa imani kwamba mtu mweusi akipewa raketi atasahau siasa. Nimesoma vya kutosha juu ya watawala na michezo yao. Tenisi ni mchezo wa watu wanaoombana radhi mpira ukigusa wavu, kisha wanakunywa chai. Hakuna taifa lililokombolewa namna hiyo.

Kwenye uwanja huo ninaheshimu kitu kimoja tu: kamba za nguo. Upande ulio karibu na nyumba zetu, hatua chache nyuma ya wavu, sisi wanawake tulifunga kamba tangu bomba la maji lilipohamishiwa huku. Wanaume walipiga kelele. Niliongoza mazungumzo mwenyewe, nikiwa katibu wa kikundi cha akina mama, na tukafikia sheria ambayo hadi leo haijavunjwa. Chezeni mpendavyo. Lakini anayesimama upande wa nguo akiruhusu mpira umpite ukachafua shuka, atalifua kwa mikono yake, mchana, watu wakitazama.

Ndiyo maana hakuna anayekubali kusimama upande huo isipokuwa watu wawili. Mmoja ni Kyule, mdogo wangu wa mwisho, karani wa reli, niliyemlea mimi baada ya mama kufariki. Wa pili ni Nabiswa, mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni Industrial Area, zamu ya usiku, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo. Wamecheza pamoja tangu walipokuwa vijana. Wanabanana kwenye wavu na kuupiga kila mpira kabla haujagusa chini. Hata ule wa juu wanaukimbilia kinyumenyume, maana nyuma yao ni mashuka ya jirani yangu Wanza, na Wanza yuko mlangoni anawakumbusha kwa sauti inayosikika hadi sokoni: "Nguo!"

Jumanne, 28 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Alhamisi, 30 Machi

Kyule amerudi kazini na uso wa mtu aliyeletewa cheo na tanzia katika bahasha moja.

Mwisho wa Aprili kuna mashindano ya wanaume wa kulipwa katika klabu moja ya upande wa pili wa mji. Ninaiita Klabu tu, kwa sababu wenyewe husema hivyo, kana kwamba hakuna nyingine duniani. Watakuja watu wa Ulaya na Amerika ya Kusini ambao hawana kazi nyingine ila hii. Katika mchezo wa wawili wawili kuna nafasi moja ya mwaliko kwa wachezaji wa hapa nyumbani. Bwana Munyoki wa kamati ya mashindano alimwona Kyule akicheza kwenye michezo ya wafanyakazi, akampa nafasi hiyo. Lakini si pamoja na Nabiswa. Anataka acheze na Irungu, kijana wa Klabu aliyepelekwa Marekani kusomea tenisi kama wengine wanavyosomea udaktari.

"Anasema Nabiswa hana mtindo," Kyule aliniambia.

"Ni kweli hana. Anapiga mpira kama mtu anayefukuza nyuki."

"Dada!"

"Ninasema ninachokiona. Kubali. Watu hawa wakikufungulia mlango, usisimame kizingitini ukiuliza maswali. Ingia, halafu uwasumbue ukiwa ndani."

"Na Nabiswa?"

"Nabiswa atapata jambo jipya la kusimulia."

"Wewe ndiye umenifundisha watu wasigawanywe," akasema, akaingia chumbani bila kula.

Sipendi mtu anitumie maneno yangu mwenyewe. Hasa akiyatumia vizuri.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimekwenda kwa Nabiswa. Nilitaka yeye mwenyewe amwachie Kyule, ili jambo liishe bila machozi. Nilimkuta kibarazani akifunga mpini wa raketi yake kwa vipande vya mpira wa gurudumu la baiskeli. Mkewe, Triza, alikuwa sokoni kwenye mboga zake.

"Karibu, Katibu. Kama ni shuka, jana sikucheza. Shahidi ni mvua."

"Nimekuja juu ya Kyule."

"Ah." Akaiweka raketi magotini. "Umekuja kunifuta kazi."

Nikaanza hoja zangu. Nilikuwa nimezipanga vizuri njiani. Hakuniacha nifike ya pili.

"Katibu, pumzika. Mimi nilishamwambia. Jana nilimwambia, enda na huyo Irungu, mimi nitakuja kushangilia na kula mandazi ya wazungu. Unajua alifanya nini? Alinirushia hii raketi. Kyule! Yule jamaa anaombaga msamaha hata akikanyaga siafu."

Nikaketi kibarazani kando yake.

"Nilimwambia aende," akaendelea, sasa bila kucheka. "Halafu usiku mzima niko kwa mashine, naomba Mungu asiende. Nafasi kama hii haitanitafuta tena, mimi si kijana. Hiyo usiandike kwa gazeti."

Siiandiki gazetini. Ninaiandika hapa. Nilikwenda kumwondoa njiani mtu wa mzaha, nikakutana na mtu ambaye sikuwahi kuzungumza naye.

Jumatano, 5 Aprili

Mvua. Nimepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage. Kyule amekula peke yake chumbani.

Jumapili, 9 Aprili

Kyule amekwenda Klabu na kukataa. Amekataa peke yake, mbele ya meza ya Munyoki, akiwa na viatu vyenye tope kwenye zulia lao.

Munyoki alicheka, akasema nafasi ya mwaliko basi itakwenda kwa Irungu na Mwitaliano mmoja anayeishi hapa. "Na kama nyinyi wawili mnapenda sana mvua," akaongeza, "njooni mjiandikishe jozi ya akiba."

Jozi ya akiba ni watu wa kungoja. Kila asubuhi, kabla ya saa nne, lazima wote wawili wafike mbele ya mwamuzi mkuu, waandike majina. Kisha wanavaa nyeupe tupu na kukaa. Jozi yoyote ikijitoa kabla ya mechi yake ya kwanza, wao wanaingia. Isipojitoa, wanarudi nyumbani na nguo zao safi. Mmoja asipofika, jozi haipo.

"Hiyo si nafasi," nikamwambia. "Hiyo ni benchi."

"Ni benchi la watu wawili," akajibu.

Nikacheka, akacheka. Tumekula pamoja kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Nilimshauri vibaya, na nimemwambia hivyo wakati akinawa mikono, ili asipate muda wa kulifurahia sana.

Jumapili, 16 Aprili

Pasaka. Mhubiri amehubiri juu ya subira. Nimetoka kabla ya sadaka.

Alhamisi, 20 Aprili

Nguo nyeupe! Klabu inataka nyeupe kama ya malaika. Fulana ya Kyule ina rangi ya chai, ya Nabiswa ina jina la sabuni mgongoni. Nimekwenda Eastleigh kwa Shamis, ninayemfahamu tangu tulipogombana juu ya bei ya mapazia na kuwa marafiki. Akapekua marobota akatoa fulana na kaptura, vazi moja kwa kila mtu, basi.

Vazi moja, na mvua hii. Likichafuka leo litavaliwaje kesho? Tumekaa kikao mimi, Triza na Wanza. Wanza amesema atazifua na kuzitia buluu kila jioni, na mimi nitazipiga pasi ya makaa kila alfajiri hadi zikauke.

"Lakini wajue," Wanza akasema, "mimi sifui bure. Sheria ya uwanja inawafuata huko. Mpira ukiwapita kwa wazungu, ni kama umepiga shuka langu. Watalipa wakirudi."

Nabiswa akapiga saluti. "Mama Wanza, hata ndege haitapita."

Jumatatu, 24 Aprili

Wameandika majina. Wamekaa. Mvua kutwa, hakuna aliyecheza. Hawakuitwa.

Jumanne, 25 Aprili

Nimepiga pasi. Wameandika majina. Mvua ilinyamaza kidogo, wakacheza mechi za mtu mmoja mmoja. Hawakuitwa. Nabiswa anatoka kiwandani, anaandika jina, analala ameketi kwenye benchi, anaamka jioni, anarudi kiwandani. Anasema benchi la Klabu ni laini kuliko kitanda chake na anafikiria kuhamia.

Jumatano, 26 Aprili

Nimepiga pasi. Wameandika majina. Mvua. Hawakuitwa.

Hata hivyo mvua hii nimeanza kuielewa. Kadiri mechi zinavyorundikana ndivyo wageni wanavyolazimika kucheza mara mbili kwa siku, na atakayechoka ataanza kwa kuitupa ile ya wawili wawili. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya raundi ya kwanza. Baada ya kesho hakuna benchi tena.

Alhamisi, 27 Aprili

Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri makaa yalikuwa na unyevu, pasi ikagoma. Kyule akatangulia, nikamwambia nitamletea nguo zote mbili Klabu. Nikamtuma jirani kiwanda cha uchapaji ninakosahihisha makosa ya chapa, awaambie kwamba leo prufu zao wazisome wenyewe. Nilifika langoni saa tatu na kitu, kifurushi kifuani chini ya koti. Kyule alikuwa kwenye veranda. Nabiswa hakuwepo.

"Amechelewa kidogo," Kyule akasema. Akavaa. Tukangoja. Mvua ikawa inaanguka kama inalipwa.

Ndipo Munyoki akatoka ndani, amevaa suti, anasugua viganja. Irungu alikuwa nyuma yake, mrefu, kichwa chini. Mwitaliano wake ameamka na homa na tumbo, amejitoa. Nafasi imepatikana. Nafasi ile ile ambayo kwa sheria ni ya jozi ya akiba.

"Ndugu yangu Kyule," Munyoki akasema, "Mungu anakupenda. Mwenzako hayuko, sivyo? Basi hakuna jozi ya akiba. Andika jina lako hapa pamoja na Irungu, na saa nane mnacheza. Ukikataa, saa nne ikigonga hamchezi nyote watatu."

Mwamuzi mkuu, mama mmoja Mzimbabwe mwenye miwani, alikuwa mezani pake na saa mbele yake. "Sheria ni hiyo," akasema. "Wote wawili, au hapana."

Kyule alinigeukia. Mwaka mzima hajawahi kuniuliza kitu kwa macho namna ile. "Dada?"

Ningeweza kusema maneno mengi. Mwezi uliopita nilikuwa na hoja ukurasa mzima. Nikasema, "Ngoja mwenzako."

"Mama, wewe ni nani hapa?" Munyoki akauliza.

"Mimi ni mwenye pasi."

Hakuelewa, na sikumfafanulia. Nilimfafanulia mengine. Nilimwuliza ni kiongozi gani anayefurahia mtu akicheleweshwa na mvua. Nilimwuliza kama huko kwao mtu akioa anabadilishiwa mke langoni kwa sababu mwingine ana mtindo. Akapandisha sauti, nikapandisha yangu, na yangu imezoea mikutano ya Jericho. Wahudumu wakaacha vikombe. Irungu alitazama viatu vyake, na niliona, ingawa sikutaka kuona, kwamba alikuwa anaficha kicheko.

Mama Mzimbabwe akagonga meza kwa kalamu. "Tafadhali. Ninatazama saa."

Ndipo tukasikia mlinzi wa lango akipiga kelele, na kutoka kwenye mvua kikaja kitu ambacho sijawahi kukiona. Nabiswa alikuwa anakimbia kwenye nyasi zao, na alikuwa anatoa povu. Povu jeupe, mabegani, kifuani, likimchuruzika hadi viatuni. Vumbi la sabuni lilikuwa limejaa ovaroli yake usiku kucha, na mvua ilikuwa imeanza kulitoa povu. Barabara ilifurika, magari yamesimama, akaja kwa miguu kutoka Industrial Area.

Akaipanda ngazi, akateleza, akashika meza, akaandika jina. Kalamu ikaacha povu kwenye karatasi.

"Amewahi," mwamuzi akasema, akafunga kitabu.

"Katibu," Nabiswa akaniambia akihema, "wewe leta nguo. Mimi nimeshajifua."

Alasiri mvua ikakatika wakacheza na Wafaransa wawili. Sasa ninakiri kitu kwa karatasi hii peke yake: nilipiga kelele. Uwanja wa Klabu ni wa udongo mwekundu, na ulikuwa umelowa. Mpira ukigusa chini haukuinuka. Wafaransa walisubiri uinuke, kama walivyofunzwa na makocha wa heshima, nao ukalala. Wetu hawasubiri. Maisha yao yote hawajawahi kuusubiri mpira uguse chini, maana nyuma yao kulikuwa na mashuka. Walisimama kwenye wavu kama milango miwili iliyofungwa. Seti mbili, imekwisha.

Miaka yote nilidhani tunawaadhibu. Kumbe tulikuwa tunafundisha, na bila mshahara.

Ijumaa, 28 Aprili

Wameshinda tena. Sikuwepo, nilikuwa kazini nikisoma prufu za kitabu cha kilimo cha nyuki. Kyule amenisimulia mara tatu. Nabiswa amemwomba msimamizi ruhusa ya wikendi. Msimamizi amesema sawa, ila wakishindwa asirudi na sababu.

Jumamosi, 29 Aprili

Nusu fainali, seti ya tatu, raketi ya Nabiswa ikakatika nyuzi. Hakuwa na nyingine. Alisimama katikati ya uwanja ameishika kama mtu aliyeshika sufuria iliyotoboka.

Kutoka jukwaani akashuka Irungu. Akafungua mkoba wake, akatoa raketi mpya.

"Shika, buda. Hii iko poa."

"Na nikiivunja?"

"Utanifunza hiyo maneno ya nguo, tutakuwa sawa."

Nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwake. Wiki nzima nilikuwa nimemhukumu kijana huyu kwa urefu wake, kwa viatu vyake na kwa Marekani yake. Alipopanda tena nikasogeza mwavuli, akakaa chini yake. "Ile siku, Mama," akasema, "mimi pia nilikuwa naomba afike. Ningechezaje na mtu anayenitazama kama nimeiba?" Nikampa nusu ya chapati yangu.

Wamo fainali. Jericho haijalala bado, nami naandika huku wanawake wakiimba nje, kwa sauti mbaya, wimbo wasiojua maneno yake.

Jumapili, 30 Aprili

Mvua. Fainali imeahirishwa hadi kesho. Kesho ni sikukuu ya wafanyakazi. Kama mimi ndiye ningepanga, nisingepanga vizuri zaidi.

Jumatatu, 1 Mei

Kila mwaka siku hii ninakwenda kusikiliza hotuba ili nipate cha kukasirikia. Leo hotuba zimenikosa.

Tulikwenda Klabu mtaa mzima, wanawake mbele, kila mmoja na mwavuli wake na leso mpya. Mlinzi wa lango akahesabu vichwa akachoka.

"Mama, hawa wote ni nani?"

"Hao ni makocha," nikamwambia. Tukaingia.

Wapinzani wetu walikuwa Mswidi na Mjerumani, warefu kama nguzo za simu. Walikuwa wamewatazama wetu wiki nzima na hawakuwa wajinga. Seti ya kwanza waliitumia kurusha mipira ya juu, mmoja baada ya mwingine, iwapite vichwani. Wetu wakakimbia kinyumenyume, wakateleza, wakaangukia migongo, nyeupe yote ikawa rangi ya matofali. Wakashindwa sita kwa nne. Munyoki, aliyeketi safu ya mbele, alitikisa kichwa kama daktari.

Kyule alikuwa ameketi kitini kwake taulo kichwani, na nilijua sura iliyokuwa chini ya taulo hilo. Ndiyo aliyokuwa nayo akiwa mtoto, aliporudi kutoka shule bila kiatu kimoja. Ndipo Wanza, ambaye hajawahi kusoma gazeti wala kuona tenisi nje ya dirisha lake, akasimama juu ya benchi.

"Nguo!"

Mwamuzi wa kitini akageuka. "Kimya, tafadhali."

"Kimya nini? Kyule! Nabiswa! Nguo!"

Nabiswa akainua kichwa, akacheka. Kyule akatupa taulo.

Kuanzia hapo mpira wa juu ukipigwa, benchi letu lote lilisimama na neno hilo moja. Mswidi alidhani ni tusi. Mwamuzi alitishia kututoa. Lakini wale wawili walikuwa wamerudi Jericho. Hawakuwa tena kwenye udongo wa Klabu, walikuwa kwenye ile saruji, na nyuma yao kulikuwa na kamba na wiki nzima ya kazi ya mtu. Nabiswa alikimbia nyuma huku uso wake ukiangalia mbinguni, akaruka, akaurudisha mpira kabla haujagusa. Kyule, ambaye nyumbani hawezi kuua mende, alisimama puani pa Mjerumani na kufunga kila mlango. Seti ya pili wakaichukua saba kwa sita.

Seti ya tatu sitaiandika yote. Mawingu yalirudi. Watu wa Klabu, wanaopiga makofi kwa ncha za vidole, walianza kupiga kwa viganja. Irungu alipoteza sauti. Tano kwa tano; sita kwa tano kwetu; kisha ikabaki pointi moja tu tushinde, na Mswidi, mtu hodari, sitamnyima sifa yake, akapiga mpira wa juu kuliko yote, ukapanda hadi karibu na mvua iliyokuwa inajiandaa.

Hatukupiga kelele. Hata Wanza. Alishika mkono wangu akaubana nusura auvunje.

Nabiswa alirudi nyuma. Akarudi tena. Akapita mstari ambao kwetu ungekuwa kamba ya kwanza, akapita ya pili, na aliporuka alikuwa amelala hewani chali kama mtu aliyeanguka kutoka kitandani. Raketi ya Irungu ikaukuta mpira. Ukarudi chini, dhaifu, katikati. Mjerumani akaugonga kwa hasira, na Kyule alikuwa pale. Aligusa tu. Mpira ukaanguka upande wa pili wa wavu kama shuka linavyoangushwa kwenye karai, na haukuinuka.

Sikumbuki nilivyofika uwanjani. Ninakumbuka kwamba Nabiswa alikuwa bado amelala kwenye tope akiuliza, "Imepita? Katibu, imepita?" na Kyule amempigia magoti, anamshika uso kwa mikono miwili, anamwambia, "Haikupita. Haikupita, ndugu yangu. Haikupita."

Halafu mvua ikaja, ikatulowesha sote sawasawa, wa Klabu na wa Jericho, na hakuna aliyekimbia.

Jumanne, 2 Mei

Mhariri wa gazeti amenipigia simu kazini. Anataka habari ya ushindi kutoka kwa mtu wa mtaa. Nimemwambia: kurasa tatu, bila mkasi. Amekubali. Kombe liko dirishani kwa Triza, limejaa vitunguu.

Jumamosi, 6 Mei

Jua! Jua la kweli, na kamba zote zimejaa.

Wanza ametimiza neno lake. Anasema aliihesabu mipira yote iliyowapita katika fainali; Nabiswa anasema alihesabu kwa kisasi. Hata hivyo mabingwa walikaa asubuhi yote kwenye makarai mawili mbele ya mtaa, povu hadi viwikoni, wakifua mashuka ya nyumba nzima, na akina mama wakipita kuwasahihisha.

Saa tano gari likasimama. Akashuka Munyoki, na suti ile ile. Irungu alikuwa naye, na raketi.

"Nimekuja kuwaona vijana wangu," Munyoki akaniambia. "Kuna safari ya timu ya taifa. Nawataka wote wawili. Pamoja."

"Wanafua," nikasema. "Ngoja."

"Nitangoja wapi?"

Nikamwonyesha benchi letu. Akakaa. Irungu alikuwa ameshavuka uwanja, anataka kuonja ule upande wa pili, anabembeleza mtu ampigie. Kyule akasuuza la mwisho, wakalikamua na Nabiswa, huyu akizungusha huku na yule kule, Wanza akalitandaza kwenye kamba ya mbele, jeupe hadi linaumiza macho. Munyoki akasimama mbele ya shuka hilo ili azungumze nao vizuri.

Mpira wa Irungu ulitoka pale ukiwa na tope la wiki sita. Mtaa mzima uliuona.

"Nguo!"

Munyoki aligeuka. Alikuwa na muda. Angeweza kuinua mkono. Badala yake akainama, kiungwana kabisa, akaupisha.

Ulilipiga shuka katikati.

Hakuna aliyecheka. Sheria ni sheria. Wanza alikwenda taratibu, akalishusha shuka, akaliangalia doa, akamwangalia mgeni. Kisha akalisukuma karai kwa mguu hadi mbele ya viatu vyake vilivyong'aa.

"Sabuni ni hiyo, baba."

Nabiswa akajisogeza kwenye jiwe kumpa nafasi. "Kaa hapa, Mzee. Usiogope. Ukizoea, unashinda makombe."

Munyoki alinitazama mimi, kama mtu anayetafuta mwamuzi wa juu zaidi. Nikamwonyesha karai kwa kidole. Akafungua vifungo, akavua koti. Nililipokea mimi, nikalikunja, kwa upole.